Bunduki Shambani, kwa Ruhusa ya Mwenyewe
Huko Uingereza, kundi la njiwa mwitu likivamia njegere changa, mkulima hutafuta mwenye bunduki. Lakini mwindaji hajiingilii tu. Chini ya Sheria ya Silaha ya mwaka 1968, kuingia na silaha kwenye ardhi ya mtu bila ruhusa wala sababu ya msingi ni kosa la jinai.

Kwa hiyo hubisha hodi kwanza, mikono mitupu, akionesha cheti cha bunduki na bima. Wakielewana, ruhusa huandikwa na mipaka huchorwa kwenye ramani. Katika England, leseni ya jumla GL42 huruhusu kuwaua njiwa hao kuzuia hasara kubwa ya mazao.

Siku ya kazi hupiga simu mapema, hufunga kila geti, huwaepuka kondoo wanaozaa, huokota maganda yote ya risasi. Jioni humpa mkulima idadi ya njiwa waliouawa, pamoja na wawili watatu wa kitoweo.