Dawa kwa Mtoto Asiyeumwa: Nani Abebe Shaka?



Je, ni haki kumpa dawa ya majaribio mtoto asiyeumwa? Mgonjwa akiingia kwenye jaribio huenda akapata nafuu. Mtoto asiyeumwa hana nafuu ya kutafuta, ana afya ya kupoteza. Ndiyo maana mwanateolojia wa Marekani, Paul Ramsey, alishikilia mwaka 1970 kwamba mzazi hana mamlaka ya kumtoa mwanawe kwa utafiti usiomfaa mtoto mwenyewe. Historia inampa nguvu: katika taasisi ya Willowbrook, New York, kuanzia miaka ya 1950, watoto wenye ulemavu wa akili waliambukizwa homa ya ini kwa makusudi. Hata hivyo, nitatetea hoja kwamba kuwaweka watoto wasioumwa mbali na utafiti hakuwaondolei hatari. Kunatuzuia tu sisi kuiona.

Ushahidi wangu mkuu unatoka Pemba. Watoto wa mwezi 1 hadi miezi 35, wa majumbani na si wa wodini, waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wakapewa kila siku madini ya chuma na asidi ya foliki, pamoja na zinki au bila zinki, na wengine dawa bandia. Chuma kilikuwa tayari kikipendekezwa kwa watoto wadogo penye upungufu mkubwa wa damu. Agosti 2003, baada ya bodi ya usalama kupitia takwimu, utoaji wa chuma ulisimamishwa. Matokeo ya watoto 24,076, yaliyochapishwa mwaka 2006, yalionyesha kuwa hatari ya kufa au kulazwa iliongezeka kwa asilimia 12 kwa waliopewa chuma. Uchunguzi mdogo ndani ya jaribio hilo ulionyesha kwamba waliokuwa na upungufu wa chuma walinufaika. Kumbe kidonge kilekile kilimfaa aliyepungukiwa, na katika kisiwa chenye malaria kali yaelekea kilimhatarisha asiyepungukiwa. Hakuna mganga wa zahanati ambaye angeitambua tofauti ya asilimia 12 kwa macho. Pasipo kundi la kulinganisha, vifo vile vingeandikwa malaria, na ugawaji ungeendelea.

Wapo watakaosema tuwajaribu watu wazima kwanza, kisha tupunguze dozi. Kuanza na watu wazima ni sawa. Kuishia hapo ni kosa. Mwaka 1959 ilibainika kuwa kloramfenikoli iliwaua watoto wachanga kwa sababu ini lao lilikuwa bado halijaweza kuivunja dawa hiyo. Wengine watasema tuwatafiti wagonjwa pekee. Lakini kinga hupewa asiyeumwa. Huko Ifakara, utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kuwa dawa ya malaria iitwayo SP, ikitolewa kwa watoto wachanga pamoja na chanjo zao, ilipunguza malaria kwa asilimia 59 katika mwaka wa kwanza. Jambo hilo lisingejulikana kwa kuwachunguza waliokwisha kuugua.

Pingamizi zito zaidi ni la ridhaa. Mtoto hawezi kuitoa, na mama anayeitoa huenda anachotafuta ni daktari na dawa za bure ambazo zahanati ya kijijini haina. Fomu ya kutia saini haiondoi umaskini huo. Kwa hiyo masharti yawe makali: huduma za matibabu ziboreshwe kwa watoto wote wa eneo husika, wawe wameandikishwa au la; pasipo na faida kwa mtoto mwenyewe, hatari isizidi kiasi kidogo sana; mtoto anayeweza kuelewa akikataa, asilazimishwe; na bodi isiyomtegemea mfadhili iwe na mamlaka ya kusimamisha kazi.

Masharti haya tumezoea kumdai mtafiti peke yake. Anayegawa dawa kwa maelfu ya watoto kwa kukisia haombi ridhaa ya utafiti, hana kundi la kulinganisha, wala hana bodi ya kumzuia. Naye pia anafanya jaribio, ila halina daftari. Maadili tunayoyadai maabarani tuyadai na kwenye mpango wa ugawaji: kabla ya kidonge kumfikia mtoto asiyeumwa, mwenye kukitoa aeleze ni ushahidi gani anao, na ni nani atakayemwambia aache.