MUFANYABIASHARA ALIYESHIKA SERIKALI
Mazungumzo juu ya maisha ya Moïse Tshombe

Wandugu wafanyakazi wa shaba, mama na baba wa muji,

Jina la Moïse Tshombe lingali likigawanya watu katika Katanga. Wengine wakilisikia wanafurahi, wengine wanalia. Sikuja hapa kutukana kaburi la mutu. Yeye alijifunza kazi ya hesabu. Basi na sisi tufungue kitabu cha hesabu yake.

Alizaliwa mwaka wa 1919 pale Musumba, katika jamaa kubwa ya Walunda. Baba yake alikuwa tajiri mwenye maduka, jambo ambalo watu weusi wachache tu walilipata wakati wa Wabeleji. Mutoto alisoma kwa wamisionari Wametodisti wa Amerika, kisha akarizi biashara ya baba. Alioa binti ya Mwant Yav. Toka 1951 mpaka 1953 aliketi katika baraza la jimbo, na mwaka wa 1959 akawa mukubwa wa chama cha Conakat.

Wandugu, mwenye duka anauzisha vitu vyake mwenyewe. Faida ni yake, hasara ni yake. Lakini mwenye serikali ameshika vitu vya watu wote. Hapo ndipo hesabu ya Tshombe ilipoharibika.

Katika uchaguzi wa Mei 1960 Conakat ilipata viti 25 juu ya 60 vya baraza la jimbo. Si nusu. Wabeleji wakageuza sheria, na serikali yake ikasimama. Tarehe 11 Julai 1960, siku 11 kisha uhuru, akatangaza kwamba Katanga ni inchi ya peke yake. Hakuna hata serikali moja ya dunia iliyoitambua. Lakini kodi ya Union Minière haikwenda tena Léopoldville; ilikwenda kwake.

Feza hiyo ilitoka wapi? Ilitoka katika jasho la mutu anayechimba shaba. Ilifanya kazi gani? Ililipa majandarma na Wazungu wa kukodishwa. Tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito waliuawa katika inchi aliyoitawala. Mwaka ule ule Waluba wa Kasai, na wengi walikuwa wafanyakazi kama ninyi, walikimbia nyumba zao kujificha kambini chini ya ulinzi wa ONU pale Elisabethville.

Tuandike na upande wa haki yake. Aliuliza kwa nini mali ya Katanga isionekane katika Katanga. Ulizo hilo ni la kweli, hata leo mutu wa migodi analiuliza. Lakini jibu lake lilitajirisha wenye kampuni kuliko wenye nyundo.

Januari 1963 Katanga yake ilikwisha. Julai 1964 aliitwa kuwa minisitiri wa kwanza wa Kongo yote. Oktoba 1965 Kasavubu akamufukuza. Tarehe 30 Juni 1967 ndege yake ilitekwa na kupelekwa Algeria. Alikufa kule kifungoni tarehe 29 Juni 1969, akazikwa Ubelgiji. Yeye aliyekata Katanga kutoka Kongo hakufunikwa na udongo wa Katanga.

Wandugu, kufanya biashara si kosa, na mutajiri anaweza kuwa kiongozi mwema. Lakini akija kuomba kura yenu, musitazame gari lake wala shati analogawa. Mumuulize: Nani anakulipia safari? Shaba ikiuzishwa, nani atakula faida? Utatufungulia kitabu cha hesabu, sisi tusome?

Akikasirika, mumekwisha kupata jibu.