Kontena na Mzigo Wake



Askari anayelinda vilima vya Busasamana, kaskazini ya mji wa Gisenyi, haoni makontena yakipita. Malori makubwa huvukia mbali naye, kule La Corniche, kando ya Ziwa Kivu. Anachokiona yeye ni robota la nguo kuukuu kichwani mwa mtu anayekuja usiku kwa njia ya miguu kutoka upande wa Kongo. Hata hivyo robota lile lilisafiri baharini ndani ya kontena, na yawezekana kabisa kwamba lilikwisha kupita katika ardhi hii hii ya Rwanda, mchana kweupe, kwa idhini ya forodha.

Sababu ni hesabu nyepesi. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa mitumba, ambayo wengi wetu twaiita caguwa, kutoka senti 20 za dola hadi dola 2 na nusu kwa kilo. Robota la kilo 50 lililokuwa likitozwa dola 10 likafikia dola 125. Lakini mzigo unaokwenda Goma hautozwi ushuru huo, kwani unapita tu. Basi mfanyamagendo huupitisha kihalali kwenda, akaurudisha kwa siri kuja.

Wako wanaosikia habari hiyo wakasema: tatizo ni makontena, yazuiwe. Hapo ndipo penye kosa. Mbele ya forodha, kontena na mzigo wake ni vitu viwili, na kila kimoja kina sheria yake.

Kontena ni chombo cha kazi. Hujazwa, humwagwa, hujazwa tena, kwa miaka mingi. Tarehe 26 Aprili 1956 meli iitwayo Ideal X iliondoka Newark kwenda Houston, huko Marekani, ikiwa na makontena 58 juu yake, na watu wengi huihesabu safari hiyo kuwa mwanzo wa biashara ya makontena ya leo. Tarehe 18 Mei ya mwaka huo huo mkataba wa forodha kuhusu makontena ulitiwa sahihi mjini Geneva. Ni nadra sheria kukimbia sambamba na biashara namna hiyo! Mkataba mwingine wa mwaka 1972 ulichukua nafasi ya ule wa kwanza. Shabaha ni ile ile: kontena liingie nchini bila kulipiwa ushuru, kwa sharti kwamba litatoka tena, na muda wa kawaida uliowekwa ni miezi mitatu. Si lazima litokee mlango lililoingilia. Kama si hivyo, sanduku moja lingelipiwa ushuru kila mpaka, na gharama hiyo ingemwangukia mnunuzi wa sabuni na chumvi. Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, ambayo Rwanda iliianza mwaka 2009, nayo imeyaweka makontena miongoni mwa vitu vilivyosamehewa.

Sisi tulio mbali na bahari twahitaji msamaha huo kuliko wenye bandari. Kutoka Mombasa hadi Kigali ni karibu kilomita 1,700, na sanduku lenyewe kwa kawaida ni mali ya kampuni ya meli. Mfanyabiashara huliwekea dhamana, na siku alizopewa zikiisha kabla hajalirudisha, hutozwa kwa kila siku inayozidi. Kwa hiyo askari anayelizuia lori siku mbili kizuizini bila sababu anamtoza raia faini ambayo hakuna hakimu aliyeihukumu.

Mzigo, kwa upande wake, haukusamehewa kitu. Umeahirishiwa tu, na kinachoulinda njiani ni lakiri ya forodha mlangoni pa kontena. Lakiri hiyo ndiyo mpaka wenyewe unaotembea na lori. Namba yake imeandikwa katika hati za dereva. Zikitofautiana, hapo pana jambo. Kadhalika mlangoni pana herufi nne, ya mwisho ikiwa U kwa makontena ya kawaida, na tarakimu saba. Ya saba hupatikana kwa kukokotoa zile zinazotangulia, hivyo namba ya kubuni mara nyingi hujifichua yenyewe. Lakiri iliyokatwa haitengenezwi njiani na wala kontena halifunguliwi na mtu mwingine: anaitwa ofisa wa forodha.

Linalosahaulika zaidi ni kontena tupu linalorudi kutoka Goma. Watu huliangalia kama gunia lililokung'utwa. Mlangoni pake umeandikwa uzito wake likiwa tupu. La futi 20 huwa na tani mbili na robo hivi. Ikiwa mizani inasema zaidi ya hapo baada ya kutoa uzito wa lori, au ukuta wa ndani uko karibu kuliko ule wa nje, swali linafaa kuulizwa, hasa katika nchi jirani na machimbo ya koltani na kasiteriti.

Yapo pia makontena yasiyorudi kabisa. Mnayaona vijijini na mijini, yamekatwa madirisha, yamekuwa maduka na stoo. Si yote ni ya wizi. Mengi yalinunuliwa na kulipiwa. Lakini lile lililoingia kwa msamaha wa kurudi, likigeuzwa duka kimya kimya, limepoteza sababu ya msamaha wake, na mwenyewe hana budi kulipeleka mbele ya forodha. Hata likiharibika vibaya katika ajali, mkataba wa 1972 unamwachia njia tatu: alilipie, aliachie serikali, au liharibiwe chini ya usimamizi wa forodha. Anayesema lake liliungua njiani na aonyeshe hati ya forodha iliyoshuhudia.