Vifaa vya Mzamiaji Anayeanza Mafunzo ya Kiufundi

Leo tunazungumza na mzamiaji wa Bujumbura mwenye cheti cha kawaida anayetaka kuanza mafunzo ya kiufundi, yaani kwenda chini zaidi na kupanda kwa kusimama hatua kwa hatua ili nitrojeni itoke mwilini.

Kwanza, usinunue kitu kabla ya kuzungumza na mwalimu wako. Kila mkufunzi ana mpangilio wake wa mitungi na mipira ya hewa.

Pili, anza na kinachokupa pumzi. Unahitaji regulata mbili zinazojitegemea, ili moja ikiharibika ya pili ikufikishe juu. Ukinunua iliyotumika, ipeleke kwa fundi kabla ya kuingia majini. Kwenye mtungi, soma tarehe ya kupimwa shinikizo iliyogongwa begani.

Tatu, kompyuta ya kuzamia. Ziwa Tanganyika liko mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa huko ni dogo kuliko pwani. Chagua inayozingatia mwinuko huo, na hakikisha imejirekebisha.

Nne, yetu ni maji baridi, yaani si ya chumvi, hivyo risasi za kiunoni hupungua kidogo. Zipime upya.

Boya la ishara, kamba yake na kisu vifuate. Kamera ingoje. Fedha zikiwa chache, lipia mafunzo kwanza, vifaa azima.