Mke wa Mofu Hajaanza Kufanya Kazi Leo

(Mada niliyoizungumza mbele ya vijana wa Kata ya Mofu, Bonde la Kilombero)



Swali nililopewa ni hili: mke akipata kazi au biashara yake, ndoa inayumba? Najua wengi wenu mna jibu tayari. Nalisikia kijiweni kila siku: "Mwanamke akishika hela, kiburi kinaanza." Wengine mnasema mikopo ya halmashauri na VICOBA ndivyo vimeleta talaka.

Naomba tuanzie shambani, maana Mofu ni mpunga. Nani anapalilia? Nani anakaa dunguni kuamia ndege tangu alfajiri, mtoto mgongoni? Wakati wa kuvuna, kupiga na kupepeta, mama yuko wapi? Yupo palepale. Akirudi nyumbani anapika, anachota maji, anaogesha watoto. Sasa mtu huyu tunamwitaje "mama wa nyumbani asiye na kazi"?

Mke wa Mofu hajaanza kufanya kazi leo. Kilichobadilika ni mkono unaopokea hela. Zamani gunia likiuzwa, dalali alimhesabia baba, na mama alisubiri kuambiwa. Leo mama anauza samaki, anashona, anafundisha shule, anavuta mkopo wa kikundi, na hela inaingia kwenye simu yake mwenyewe. Ugomvi unaanzia hapo. Tusiisingizie kazi.

Mfano ninaoujua ni wa shangazi yangu. Alilima na mumewe misimu mingi. Msimu mmoja mpunga ukauzwa wote bila yeye kujua bei, na baada ya wiki mbili akasikia mume anaoa kwingine. Shangazi hakuwa na ajira, hakuwa na duka, hakuwa hata na simu. Ndoa ikavunjika hivyo hivyo. Ni nani hapa hajaona ndoa iliyovunjika baada ya mavuno kwa mtindo huo? Halafu bado tunalaumu VICOBA!

Naomba nieleweke. Sisemi hela ya mke haina uhusiano wowote na talaka. Unao. Mwanamke anayepigwa, mwenye kipato chake, anaweza kuondoka. Asiyekuwa nacho anavumilia, na sisi huku nje tunasema "ndoa ile imetulia." Imetulia kwa nani? Kipigo kilikuwepo kabla ya kipato, kipato kimefungua mlango tu. Na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema wazi kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpa mwenzake adhabu ya viboko.

Sheria hiyohiyo inataja mambo ambayo mahakama inaweza kuyatazama ili kuona ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Uzinzi umo. Ukatili umo. Kumtelekeza mwenzako kwa makusudi angalau miaka 3 kumo. Mke kuwa na mshahara hakumo.

Hata wenzetu walioendelea wamelichunguza jambo hili. Mwaka 2016, Alexandra Killewald wa Chuo Kikuu cha Harvard alitoa utafiti wa ndoa zaidi ya 6,000 za Marekani. Katika ndoa zilizofungwa kuanzia mwaka 1975, hakuona kwamba kipato cha mke ndicho kinachoongeza talaka. Aliona hatari inapanda pale mume anapokosa kazi ya kutwa. Marekani siyo Mofu, nakubali. Lakini kijana unayeshinda kwenye bao huku mkeo yuko sokoni, jiulize: kinachokuuma ni hela yake, au ni wewe kukosa yako? Kama ni la pili, dawa siyo kumzuia mke. Katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, wanawake wana 4, vijana wana 4 na watu wenye ulemavu wana 2. Fungu letu vijana lipo. Tuunde vikundi, tulidai.

Dada zangu, na nyie msinipigie makofi tu. Mwaka 1983, kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Ni ushindi mkubwa. Lakini Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo, kwa sababu mahakama iliona hela za mtaji alizopewa na mumewe alizitapanya. Kwa hiyo usiri na ubadhirifu vinabomoa vikiwa kwa baba, na vinabomoa vikiwa kwa mama. Mkopo wa kikundi unaofichwa mpaka siku wanakuja kubeba kabati, huo nao ni moto ndani ya nyumba.

Tufanye nini basi? Kwanza, kabla mbegu haijaingia ardhini, mke na mume wakae wakubaliane: magunia mangapi ya chakula, mangapi ya ada, mangapi ya kuuza, na bei wote waijue. Pili, shamba. Hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kubeba majina ya wote wawili. Mali ikiwa kwa jina la mmoja, sheria inaanza kwa kudhani ni yake mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ikiwa na majina ya wote, inadhani mna haki sawa. Tatu, mkikwaruzana, nendeni Baraza la Usuluhishi mapema. Kwa kawaida mahakama haipokei shauri la talaka ambalo halijapita huko, lakini msilifanye Baraza kuwa kituo cha kugonga muhuri tu.

Vijana wenzangu, tunapanda majukwaani kudai mapato na matumizi ya kijiji yabandikwe ubaoni. Ni haki yetu. Basi leo jioni ukifika nyumbani, msomee mkeo mapato na matumizi ya nyumba yako. Ukishindwa hapo, mwenyekiti wa kijiji utamdai kwa mdomo gani?

Maswali yaanze, na tuanze na akina mama.