Modemu Ndani ya Programu: Kituo cha Kupokea Satelaiti kwa Ajili ya Delta ya Rufiji



Kati ya Juni na Agosti 2025, Marekani ilizima satelaiti tatu za hali ya hewa: NOAA-18, NOAA-19 na NOAA-15. Hiyo ya mwisho ilikuwa angani tangu 1998. Zote tatu zilikuwa zikirusha picha za mawingu bure kwa kila mwenye antena, kwa mfumo wa analojia ulioanza kutumika mwaka 1963. Vipokezi vilivyotengenezwa kwa mfumo huo pekee havina tena cha kupokea. Lakini waliokuwa na redio ya programu, yaani redio ambayo kazi yake kubwa inafanywa na kompyuta, walifungua programu nyingine wakaendelea na kazi kwa antena ileile. Satelaiti za Urusi, Meteor-M N2-3 ya mwaka 2023 na N2-4 ya mwaka 2024, zinatumia eneo lilelile la megahezi 137, ila kwa mfumo wa kidijitali.

Mada yangu inasimama juu ya tofauti hiyo. Ninashauri kwamba kituo chochote cha kupokea satelaiti kitakachojengwa wilayani Kibiti au ndani ya Delta ya Rufiji kiwe na modemu iliyo ndani ya programu, na programu hiyo iwe mikononi mwa watu wa hapa wanaoweza kuifungua, kuisoma na kuirekebisha.

Nianze na sababu ya kuzungumzia jambo hili hapa badala ya kuliacha vyuoni Dar es Salaam. Mto Rufiji unakusanya maji ya eneo linalokaribia kilomita za mraba 177,000. Ruaha Mkuu, Kilombero na Luwegu yote inaingia humo, maji yanapita Bwawa la Julius Nyerere na Daraja la Mkapa, kisha yanagawanyika kwenye mikono ya delta katikati ya msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko Afrika Mashariki. Aprili 2024 mafuriko yalifunika mashamba na makazi ya Rufiji na Kibiti. Mwanzoni mwa Mei, watu wakiwa bado kwenye maji, Kimbunga Hidaya kikafika Mafia. Kisha tarehe 12 Mei nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikakatika, intaneti ikayumba nchi nzima. Ndani ya majuma machache tulipata mto, kimbunga na ukimya wa mtandao.

Mkazi wa delta anajua kwamba maji ya mto yakikutana na bamvua hayana pa kwenda. Anajua pia dalili za upepo wa kusi. Asichoweza kukijua kwa macho ni wingu linalojikusanya kaskazini mwa Madagaska siku tatu kabla. Mamlaka ya Hali ya Hewa inalijua na inatoa tahadhari, nami ninaiheshimu kazi hiyo. Swali langu ni nani Kibiti anaweza kuliona wingu lile mwenyewe mtandao ukikatika. Satelaiti inayopita juu yetu haiulizi kama mkongo wa baharini ni mzima.

Sasa tuingie kwenye modemu yenyewe. Wengi mna king'amuzi nyumbani. Ndani yake kuna modemu ya kupokea: wimbi linaingia kutoka kwenye dishi, biti zinatoka, biti zinakuwa picha. Kazi hiyo imechongwa ndani ya chipu. Kampuni ikibadilisha mfumo wa urushaji, unanunua king'amuzi kipya. Modemu za kawaida za vituo vya satelaiti ziko hivyohivyo, ila bei yake ni kubwa zaidi, na mara nyingi modemu ya mtengenezaji mmoja haielewani na mtambo mkuu wa mtengenezaji mwingine. Wengi wetu tumeona dishi lililobaki juu ya paa la ofisi baada ya mradi kwisha. Dishi ni zima na waya ni mzima. Kilichokufa ni sanduku dogo la ndani ambalo hakuna aliyeruhusiwa kulifungua.

Katika redio ya programu chuma kinabaki na kazi chache. Antena inanasa wimbi. Kichujio kinazuia stesheni za FM zilizo jirani, ambazo zina nguvu mara nyingi kuliko satelaiti. Kikuza mawimbi kinaliongezea wimbi nguvu. Kisha kifaa kidogo cha USB kinalipima wimbi hilo mara milioni moja au mbili kwa sekunde, na kila kipimo kinaandikwa kama jozi ya namba. Kifaa hicho asili yake ni kipokezi cha televisheni ya kidijitali. Mwaka 2012 wataalamu wa programu huria, akiwemo Mfini Antti Palosaari, walionyesha kwamba chipu yake, RTL2832U, inaweza kuzitoa namba hizo zikiwa ghafi. Bei yake haifiki dola 50 za Marekani. Kuanzia hapo kila kitu ni hesabu.

Hesabu ya kwanza ni ya mwendo. Meteor inazunguka kwenye kimo cha takriban kilomita 820 na kupita juu yetu kwa muda unaokaribia robo saa tu. Inapotujia masafa yake husikika yakiwa juu, na inapotuacha hushuka, kama honi ya basi la Lindi linalopita kasi barabara ya Kilwa. Kwenye megahezi 137 tofauti hiyo hufika kama kilohezi 3 kila upande. Kwenye gigahezi 8, zinakotumia satelaiti kubwa za kuchunguza ardhi, inakaribia kilohezi 180. Programu inalifuata badiliko hilo na kulisahihisha kila sehemu ya sekunde.

Hesabu ya pili ni kutafuta mdundo. Satelaiti inarusha alama 72,000 kwa sekunde, kila alama ikibeba biti mbili, na kompyuta lazima ijue hasa alama moja inakwisha wapi na nyingine inaanza wapi. Tatu ni kusahihisha makosa, na hapa ndipo penye uzuri wa kazi hii. Nusu ya biti zinazorushwa si picha bali ni ulinzi. Njia aliyoichapisha Andrew Viterbi mwaka 1967 inapima njia zinazowezekana za mfuatano wa biti na kuchagua ile inayokaribiana zaidi na kilichosikika. Baada yake kuna ulinzi wa pili, wa Reed na Solomon wa mwaka 1960: katika kila baiti 255, baiti 32 ni za ulinzi, na zinatosha kurekebisha hadi baiti 16 zilizoharibika. Ndiyo maana antena ya waya mbili, kila mmoja sentimita 53, zilizofunguliwa kwa pembe ya digrii 120, inaweza kutoa picha safi kutoka kwenye chombo kilicho mbali kiasi hicho. Mwanafunzi wa sekondari anayejifunza namba changamano ataikuta faida yake hapa, akiitazama kwenye kioo cha kompyuta.

Kuna faida nyingine ambayo mafundi wengi huipuuza. Modemu ya chuma ikishindwa kushika wimbi, mpito huo wa satelaiti umekwenda. Kwenye redio ya programu unaweza kurekodi namba ghafi, halafu ukajaribu tena kesho kwa mipangilio mingine. Kwa vipimo milioni moja kwa sekunde, dakika 15 zinachukua kama gigabaiti 1.8. Diski ya kawaida inaweza kutunza msimu mzima wa masika wa mipito iliyochaguliwa vizuri, na kosa la leo likawa somo la darasani.

Mfano mkubwa kuliko yote wa nguvu ya njia hii ulitokea mwaka 2014. Chombo ISEE-3 kilirushwa na NASA mwaka 1978. Mitambo ya kuzungumza nacho ilikuwa imeondolewa zamani, na hakuna aliyekuwa na modemu yake. Kundi la wataalamu wa kujitolea lilichukua nyaraka za zamani, likaandika upya modemu ile kwa kutumia programu huria ya GNU Radio, likafunga redio ya programu kwenye darubini kubwa ya Arecibo, Puerto Rico, na mwezi Mei chombo kikaitika. Sanduku lilikuwa limetoweka. Maelezo ya wimbi yalikuwepo kwenye karatasi, na maelezo hayo yalitosha.

Delta hii ina historia yake ya redio. Mwaka 1915 manowari ya Kijerumani Königsberg ilikuwa imejificha humu katikati ya mikoko, na meli za Kiingereza Severn na Mersey zilipiga mizinga bila kuiona. Zilichotegemea ni ndege iliyozunguka juu na kutuma masahihisho kwa redio. Tarehe 11 Julai ndege hiyo ilipigwa, na mtazamaji aliyekuwa ndani yake aliendelea kutuma masahihisho wakati inaanguka. Habari iliyotoka angani juu ya delta iliwafikia walioijia vita. Wakazi wenyewe hawakuwa na kipokezi. Nadhani miaka 110 inatosha kuibadili hali hiyo.

Majirani wameanza. Kenya ilipeleka angani satelaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, mwaka 2018, na Taifa-1 mwezi Aprili 2023. Uganda ilipeleka PearlAfricaSat-1 mwaka 2022. Mradi wa Kigiriki wa SatNOGS umeunganisha vituo vya wapenzi wa redio duniani kote, vingi vikitumia kifaa kilekile cha USB na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi. Kituo cha Kibiti kinaweza kujiunga kwa gharama ndogo.

Sasa mipaka, kwa sababu sitaki mtu atoke hapa na matumaini ya uongo. Picha ya Meteor ina ubora wa kilomita moja kwa nukta. Itaonyesha kimbunga na mkanda wa mvua. Haitaonyesha nyumba iliyozingirwa na maji, wala haioni chini ya mawingu ya masika. Kazi hiyo ni ya rada, kama ya Sentinel-1 za Ulaya, ambazo kuzipokea moja kwa moja kunahitaji dishi kubwa linalofuata satelaiti. Data zake zinapatikana bure kwenye intaneti, inapokuwepo. Kituo chetu pia si mbadala wa tahadhari rasmi. Na kurusha ni jambo jingine kabisa: modemu inayorusha vibaya inaharibu mawasiliano ya watu wengine kwenye satelaiti ileile, kwa hiyo inataka leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) na mafunzo marefu. Tuanze na kupokea tu, na hata hilo tuwaandikie TCRA kabla ya kufunga waya wa kwanza.

Kati ya mpito mmoja na mwingine, kifaa hakikai bure. Badilisha programu, nacho kinasikia meli zinazotangaza mahali zilipo kwenye megahezi 161.975 na 162.025. Badilisha tena, kinapokea vipimo vya kina cha maji kutoka kwenye vihisi vidogo vya redio kando ya mto, tukiviweka. Hilo la mwisho ndilo ninalolitaka zaidi, kwa makubaliano na Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, kwa sababu mkulima wa mlau, anayelima maji ya mafuriko yakishapungua, anahitaji kujua kimo cha maji kuliko umbo la wingu.

Kuhusu mahali, ninapendekeza shule ya sekondari Kibiti mjini kwa kituo kikuu, na kituo kidogo Nyamisati kwa sababu ndipo vyombo vya kwenda Mafia vinapoondokea. Ndani zaidi ya delta antena inaweza kusimama juu ya nguzo kama dungu la shambani, ikatumia umeme wa jua. Kompyuta ndogo haizidi wati 10. Adui ni chumvi kwenye viungio vya waya na radi. Viungio vizibwe, kifaa cha kuzuia radi kifungwe, na antena ichomolewe mvua kubwa ikikaribia.

Ombi langu kwa Halmashauri, na kwa kila anayeandika maombi ya mradi wa mawasiliano katika wilaya hii, ni moja. Katika zabuni ijayo ya kituo chochote cha satelaiti, wekeni sharti kwamba mzabuni akabidhi maelezo kamili ya wimbi linalotumika, pamoja na programu ya modemu yenyewe, na awafundishe mafundi wawili wa Kibiti kuijenga upya kuanzia mwanzo. Asiyekubali sharti hilo asipewe kazi.