Kambi za Kigeni na Kura ya Wenye Ardhi



Nimeombwa nizungumze juu ya kambi za kijeshi za kigeni. Huenda wapo wanaojiuliza jambo hilo lamhusu nini mkulima wa Ngara. Lamhusu sana. Majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera mwaka 1978, mkoa huu ulijifunza kwamba askari wa kigeni hukanyaga shamba la mtu. Yule wa Amin alikuja kwa vita. Yupo mwingine ajaye kwa mkataba. Huyo nani mwenye haki ya kumkaribisha?

Tuanze nyumbani. Mwezi Oktoba 1960 Uingereza na Marekani zilitia saini mkataba wa kujenga Unguja kituo cha kufuatilia vyombo vya anga vya mpango wa Mercury. Mwenye kauli alikuwa mkoloni, si Mzanzibari. Kituo chenyewe kilikuwa cha mitambo ya mawasiliano, si cha makombora. Lakini jambo linaloamuliwa faraghani huzaa uvumi, na habari zikaenea kwamba inajengwa kambi ya roketi. Chama cha ZNP kilikipinga hadharani, na suala hilo likaingia katika siasa za uchaguzi wa mwaka 1961.

Uchaguzi wa Januari haukutoa mshindi wa kuunda serikali: ASP ilipata viti 10, ZNP 9 na ZPPP 3. Uliporudiwa mwezi Juni, katika ghasia zilizokuwa na sababu nyingi, watu 68 walipoteza maisha. ZNP na ZPPP zikaunda serikali. Je, kituo kiliondoka? La. John Glenn alipoizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962, Unguja ilikuwa miongoni mwa vituo vilivyomfuatilia. Kura ilikuwa ya wananchi, lakini ulinzi na mambo ya nje vilibaki mikononi mwa Mwingereza. Kituo kilifungwa mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, kwa uamuzi wa Serikali ya Mzee Karume.

Tusidhani kwamba hayo yalikwisha pamoja na ukoloni. Huko Japani uko mkoa wa visiwa uitwao Okinawa. Ardhi yake haifiki asilimia 1 ya ardhi yote ya nchi, lakini umebeba takriban asilimia 70 ya eneo linalotumiwa na majeshi ya Marekani peke yake. Mwaka 2014 wapiga kura walimchagua Takeshi Onaga kuwa gavana, kwa ahadi ya kuzuia ujenzi wa kambi mpya huko Henoko. Alipofariki mwaka 2018, walimchagua Denny Tamaki kwa msimamo huohuo, wakamrudisha mwaka 2022. Katika kura ya maoni ya Februari 2019, takriban asilimia 72 ya waliopiga kura walikataa ujenzi huo. Hata hivyo, Desemba 2023, Serikali ya Tokyo, baada ya kushinda mahakamani, iliidhinisha kazi hiyo kwa niaba ya gavana aliyekataa.

Ndugu wananchi, wapo wasemao kwamba kambi huleta ajira na kodi ya ardhi, na kwamba ulinzi ni wajibu wa taifa zima, si wa mkoa mmoja. Hoja hizo zina uzito, na hazistahili kubezwa. Lakini kama zina uzito, kwa nini zisielezwe waziwazi kabla ya saini kutiwa? Mwananchi anayeulizwa baada ya saruji kumwagwa hakuulizwa, ameambiwa.

Sheria yetu ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaitaka Halmashauri ya Kijiji ipate kwanza idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji kabla ya kugawa ardhi. Ikiwa shamba la jirani lahitaji idhini hiyo, basi kambi ya dola ya kigeni yaihitaji zaidi. Huo ndio msimamo tunaopaswa kuushika na kuwafundisha watoto wetu: mwenye ardhi aulizwe kwanza, na jibu lake liheshimiwe.